JINA LA HOTELI YA ZAMANI: LIBAKI AU LIBADILISHWE?

Somo kwa vikundi vya biashara ndogo ndogo, Burat



Katika somo hili tunazungumza juu ya jambo ambalo wengi huliona dogo. Mtu ananunua hoteli ya zamani, yaani hoteli ya chai na chakula, siyo ya kulala. Analipa pesa, anapewa funguo, anapaka ukuta rangi. Halafu anasimama mbele ya mlango na kujiuliza: sasa tuiiteje? Kama mnunuzi ni kikundi, swali linakuwa gumu zaidi, maana kila mwanachama ana jina lake moyoni. Wengine wamegombana kwa ajili ya kibao kabla hata sufuria haijawekwa jikoni.

Lengo la somo: Baada ya kusoma na kujadili, kikundi kiweze kuamua kama jina la zamani libaki, liongezwe neno, au libadilishwe, na kujua karatasi gani za kutengeneza.

1. JINA NI LA NANI?

Hapa kwetu tunao mfano wa karibu. Kila siku tunasema, "Naenda LMD." Herufi hizo tatu zilitoka kwa jina la Kiingereza la idara ya serikali iliyokuwa ikishughulikia soko la mifugo. Idara yenyewe haiitwi hivyo tena, lakini hata mtoto aliyezaliwa juzi anasema LMD. Hakuna mkutano uliofanywa kuamua hivyo. Watu walilizoea jina, basi likakaa.

Hoteli ni hivyo hivyo. Mwenyewe anaandika jina kwenye kibao, lakini walaji ndio wanaolibeba mdomoni. Kule Nairobi kuna hoteli ya samaki ambayo kibao chake kinasema Ranalo Foods. Wengi wanaijua kama K'Osewe, jina la mwanzilishi wake. Ukiuliza njia kwa jina la kibao, huenda ukazunguka. Ukiuliza kwa jina la mwenyewe, unaonyeshwa.

Kwa hiyo jina lina wenyewe wawili. Wa kwanza ni yule aliyeliandikisha kwa serikali. Wa pili ni wale wanaokula hapo. Wa kwanza anaweza kuliuza. Wa pili hawauzi, lakini wanaweza kuhama.

2. JINA NI AHADI

Tuchukue mfano wa kufundishia. Si hoteli ya mtu fulani, ni mfano tu. Tuseme karibu na soko la mifugo kuna hoteli ya mabati inayoitwa Kwa Haji, ambayo imekuwepo kwa miaka thelathini. Mzee amechoka, watoto wako mbali. Anawauzia akina mama wa kikundi kimoja cha Burat. Katika kikundi kuna Waturkana, Waborana, Wameru, Wasamburu na Wasomali, Wakristo na Waislamu pamoja.

Kabla ya kuuliza "tuiiteje?", akina mama hawa wangefanya vizuri kuuliza, "Mtu akisikia Kwa Haji, anatarajia nini?" Majibu yanaweza kuwa haya:

(a) Nyama ni halali. Msafiri wa kutoka Garba Tulla au Merti haulizi mara mbili, jina limeshamjibu.
(b) Chai ni ya maziwa, ni moto, na inapatikana mapema kabla ya mnada.
(c) Mchungaji anaweza kula kwanza na kulipa mbuzi wake akishauzwa.
(d) Mtu wa kabila lolote anakaa benchi moja na mwenzake bila kuulizwa ametoka wapi.

Sasa kila ahadi ichunguzwe: tunaweza kuitimiza, ndio au hapana? Hapo ndipo uamuzi wa jina unapotoka.

Ahadi ya kwanza tuitazame kwa makini. Kikundi kikibaki na jina Kwa Haji, halafu nyama ikachinjwa ovyo ovyo, huo si ujanja wa biashara, ni kumdanganya mtu katika dini yake. Kama jina linabaki, ni lazima mchinjaji Mwislamu awepo, na vyombo visichanganywe na nyama nyingine. Kama kikundi hakiwezi, basi jina libadilishwe wazi wazi kabla ya siku ya kwanza, na wateja waambiwe. Wakristo miongoni mwetu wasione jambo hili ni la wengine. Imani ya jirani ikiheshimiwa mezani, hata amani ya soko inapata nguvu.

Ahadi ya nne nayo ni nzito kwa mahali kama Isiolo. Jina jipya likiwa la lugha moja tu, au la ukoo mmoja, wengine watafikiri hoteli sasa ni ya "wale". Hakuna atakayelalamika. Watapita tu mbele ya mlango. Sisi tunajua jinsi mahali pa kula pamoja palivyo haba wakati watu wameanza kuogopana. Kulipoteza benchi la namna hiyo kwa sababu ya neno moja ni hasara isiyoandikwa katika daftari lolote.

3. WALIOTUTANGULIA

Swali hili si la Burat peke yake. Hata wakubwa wamelipitia, na tunaweza kujifunza kwao.

Hoteli ya Stanley, Nairobi. Mwaka 1902 mwanamke mmoja, Mayence Bent, alianzisha hoteli iliyoitwa Stanley. Baadaye alihamia jengo jipya, lakini jengo la zamani likabaki mikononi mwa wengine ambao walitaka kuendelea na jina lile lile. Jina moja, hoteli mbili! Mwisho wake, hoteli ya Bi. Bent ilifunguliwa mwaka 1913 kwa jina New Stanley, yaani Stanley Mpya. Yeye mwanzilishi ndiye aliyelazimika kuongeza neno. Mwaka 1947 ilinunuliwa na Abraham Block, na mwaka 1978 ikaingia katika kampuni ya Sarova. Wenye wapya walitia jina lao mbele: Sarova Stanley. Hawakulifuta la zamani. Na mkahawa wake wa nje, Thorn Tree, uliofunguliwa mwaka 1959, uliachwa na jina lake. Ni jina la mti wa miiba ambao wasafiri walikuwa wakibandika ujumbe kwenye shina lake. Mti wenyewe umekufa na kupandwa mwingine, lakini jina halikung'olewa.

Hoteli ya Norfolk, Nairobi. Hii ilifunguliwa Desemba 1904. Karibu miaka mia moja baadaye kampuni ya Fairmont ilipoichukua, iliongeza jina lake mbele pia. Watu wa mjini waliendelea kusema Norfolk.

McDonald's, Marekani. Ndugu wawili, Richard na Maurice McDonald, walikuwa na hoteli ya chakula cha haraka huko San Bernardino, California. Mwaka 1961 walimwuzia Ray Kroc biashara pamoja na jina, kwa dola milioni 2.7. Ile hoteli yao ya kwanza walibaki nayo, lakini jina lilikuwa limeshauzwa. Wakalazimika kuiita The Big M. Kroc akafungua McDonald's karibu nao, na hoteli yao ikafungwa. Jina lilikuwa lao la kuzaliwa, jiko lilikuwa lile lile, lakini wateja walifuata jina.

Makampuni ya simu. Hapa Kenya tulikuwa na Kencell kuanzia mwaka 2000. Ikawa Celtel mwaka 2004, Zain mwaka 2008, na Airtel mwaka 2010. Kampuni kubwa ina pesa za kutangaza kila jina jipya redioni na ukutani. Hoteli ya mabati haina pesa hizo. Tangazo lake ni mdomo wa mteja.

4. NJIA NNE ZA KUCHAGUA

Njia ya kwanza: kuliacha kama lilivyo. Inafaa kama ahadi zote mnaweza kuzitimiza, na mwenye wa zamani amekubali kwa maandishi. Hatari yake ni uvivu. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Jina zuri la mtu mwingine halitawabeba kwa muda mrefu kama chai imekuwa nyepesi.

Njia ya pili: kuongeza neno. Kwa mfano, "Kwa Haji – Akina Mama Burat". Mteja wa zamani anajua amefika, na mgeni anajua wenyewe ni nani. Kwa vikundi vingi tunaona hii ndiyo njia ya busara, maana haimfichi mtu yeyote.

Njia ya tatu: kubadilisha polepole. Kibao kinasema jina jipya kwa herufi kubwa, na chini yake: "zamani Kwa Haji". Baada ya mwaka mmoja hivi, mstari wa chini unafutwa. Inafaa kama mzee hataki jina lake litumike daima, au kama kikundi kina mipango ya kupika vyakula vingine.

Njia ya nne: kubadilisha mara moja. Inafaa kama ahadi kubwa haiwezi kutimizwa, kama vile ile ya halali, au kama jina la zamani limechafuka kwa uchafu, ugomvi au madeni. Hapo jina jipya ni kama ufagio.

Jambo moja tunakataza: kuacha kibao cha zamani kwa sababu tu hakuna pesa ya rangi. Huko si kuchagua.

5. KARATASI

Mapatano ya mdomo chini ya mti ni mazuri kwa kupatana bei, lakini jina linahitaji karatasi. Fanyeni haya:

• Mkataba wa kuuza useme wazi kama jina limeuzwa pamoja na viti na masufuria, au halikuuzwa. Useme pia kama mzee au watoto wake wanaweza kufungua hoteli nyingine kwa jina hilo hilo. Kumbukeni ndugu wale wa California.

• Jina la biashara lisilo jina lenu halisi huandikishwa chini ya Sheria ya Usajili wa Majina ya Biashara, Sura ya 499. Kazi hii inafanywa na Idara ya Usajili wa Biashara kupitia eCitizen. Wenyewe wakibadilika, mabadiliko nayo yaandikishwe.

• Kuandikisha jina la biashara hakumzuii kila mtu mwingine kulitumia. Ulinzi ulio imara zaidi ni alama ya biashara, inayosajiliwa na taasisi ya KIPI kwa miaka 10, na inaweza kurudiwa. Kwa hoteli ndogo huenda gharama isistahili, lakini ni vizuri kujua tofauti.

• Kuna Sheria ya Uhamishaji wa Biashara, Sura ya 500. Inataka tangazo litolewe katika Gazeti Rasmi la Serikali. Bila tangazo, wanaomdai mwenye wa zamani wanaweza kumfuata mnunuzi. Hapo mtajikuta mmenunua jina pamoja na madeni ya unga na nyama. Mwulizeni wakili kabla ya kulipa.

• Leseni ya kaunti na cheti cha afya viwe na jina mtakalotumia.

• Msisahau namba ya Till. Mteja akilipa kwa M-Pesa anaona jina kwenye simu yake. Akikuta jina asilolijua, atafikiri pesa zimepotea, na foleni nzima itasimama.

• Daftari la deni la wateja: ni la nani sasa? Mkubaliane na mzee mbele ya mashahidi. Mchungaji asidaiwe mara mbili.

6. JINSI YA KUAMUA

Tunashauri kikundi kisipige kura siku ya kwanza. Wiki moja wanachama wawili wawili wakae hotelini wanywe chai na kusikiliza. Waulize wachinjaji, madereva, wauza mbuzi, na mama anayeosha vyombo, maana yeye anasikia mengi. Swali lisiwe "mnapenda jina gani?" Swali liwe "nini kikibadilika hapa, hutarudi?"

Kisha mwendeeni mzee nyumbani kwa heshima. Mwambieni mnachofikiri kabla hajakiona ukutani. Jina lake ni maisha yake. Akisema, "Litumieni," hiyo ni baraka na pia ni mzigo. Akisema, "Liacheni," msimsukume.

Mwisho, katibu aandike uamuzi na sababu zake katika kitabu cha mikutano. Baada ya miaka mitano wanachama wapya watauliza, na jibu litakuwepo.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Tajeni mahali pawili hapa kwetu ambapo watu wanaendelea kutumia jina la zamani. Kwa nini halikufa?
2. Katika biashara yenu, jina lenu linaahidi nini? Ni ahadi gani mmeacha kuitimiza?
3. Kama nyinyi ndio akina mama wa mfano wetu, mngechagua njia ipi kati ya zile nne? Toeni sababu.
4. Ni jina gani linaweza kumfanya jirani wa kabila au dini nyingine asiingie? Je, mlilifikiria kabla ya kulichagua?
5. Nani katika kikundi atafuatilia karatasi, na kufikia lini?

Kikundi kinachotaka msaada wa kusoma mkataba kabla ya kutia sahihi kije ofisini na nakala yake. Tutausoma pamoja, mstari kwa mstari.