Mutoto wa Mufua-Zahabu

Watoto, pengine munafikiri kwamba mutu anayeandika vitabu sharti awe muzee mwenye miwani, tena sharti atoke Ulaya. Sivyo. Kwetu Kongo, Paul Lomami Tshibamba alitoa kitabu chake «Ngando» katika mwaka 1948: ni habari ya baba anayemufuata mutoto wake aliyekamatwa na mamba. Leo tutasoma habari ya mwandishi mwingine wa Afrika, Camara Laye. Alipotoa kitabu chake cha kwanza, alikuwa kijana wa miaka 25 tu.

Camara Laye alizaliwa mwaka 1928 huko Kouroussa, muji wa inchi ya Gine, karibu na muto Niger. Baba yake alikuwa mufua-vyuma, tena alifua zahabu. Hebu tuitazame kazi ile, maana katika kitabu ndiyo fasi nzuri kupita zote. Mwanamuke mumoja anakuja na punje za zahabu. Ameosha muchanga muda wa miezi mingi ili azipate. Anataka pambo. Lakini mufuaji ana kazi nyingi, basi mwanamuke amekuja na mutu wa kuimba sifa. Huyu anapiga kinanda, anasifu mababu wa mufuaji mumoja mumoja, hata mufuaji mwenyewe anaacha kazi nyingine zote. Anatia zahabu katika chungu kidogo cha udongo na kuifunika kwa makaa. Vijana wanavukuta moto. Hakuna mutu anayesema neno. Midomo ya baba inacheza, lakini sauti yake haisikiki. Mutoto Laye amesimama karibu, anatazama. Zahabu inapoyeyuka, watu wote wanapumua.

Ndivyo tu. Katika habari ile hakuna vita, hakuna zimwi. Ni baba anayefanya kazi yake vema, na mutoto anayemutazama. Lakini huzuni imejificha ndani. Mufuaji humufundisha mutoto wake, na huyu baadaye humufundisha wake. Hivi ufundi hauzimiki. Laye, yeye, anakwenda masomoni. Baba anajua kwamba kalamu itamuondolea mutoto nyundo mukononi. Anajua, na hata hivyo hamuzuizi.

Alipokuwa na miaka 15 Laye alipanda treni kwenda Conakry, katika masomo ya ufundi. Alipomaliza, akapewa nafasi ya kwenda Ufaransa. Baba akakubali. Mama akakataa kwa hasira, halafu akalia. Mwisho wa kitabu kijana yumo safarini, amesikia kitu mufukoni: ni karatasi inayoonyesha njia za treni zinazopita chini ya udongo katika Paris.

Huko Ufaransa alijifunza ufundi wa motokari. Feza ilipokwisha, akafanya kazi katika kiwanda. Kwao kulikuwa mbali sana. Basi akaanza kuandika mambo ya Kouroussa, asije akayasahau. Hakuandika kwanza kwa ajili ya sifa. Kitabu kikatoka mwaka 1953 kwa jina la «L'Enfant noir», maana yake Mutoto Mweusi, na mwaka uliofuata kikapewa zawadi.

Wengi walifurahi. Mumoja hakufurahi hata kidogo. Kijana wa Kameruni, Alexandre Biyidi, ambaye watu walimujua baadaye kwa jina la Mongo Beti, alikuwa akisoma Ufaransa vilevile. Aliandika katika gazeti «Présence africaine» kwa ukali: je, huyu Laye hakuona kitu kingine katika Afrika isipokuwa amani na wema wa mama? Hakuona ubaya wa utawala wa wageni hata siku moja? Ulizo hilo halikuwa la bure. Katika makoloni ya Ufaransa watu walishurutishwa kufanya kazi hata mwaka 1946, sheria ilipokataza jambo lile. Wakati ule Laye alikuwa na miaka 18.

Mongo Beti hakusema tu. Mwaka 1954 alitoa kitabu chake mwenyewe, «Ville cruelle», maana yake Muji Mukali. Humo kijana Banda anapeleka kakao mujini. Anataka kupata mali ya kuoa, kwa kuwa mama yake ni mugonjwa na anatamani kumuona bibi-arusi mbele ya kufa. Wakaguzi wanatazama kakao yake, wanasema ni mbaya, wanamunyanganya. Jasho la mwaka muzima limepotea kwa neno moja.

Nani kati yao alisema kweli? Watu wanabishana hata leo. Sisi twaona kwamba Mongo Beti aliuliza kwa haki, lakini alisoma upesi. Mama wa Banda na mama wa Laye wangeketi pamoja wangeelewana bila shida: kila mumoja analilia mutoto ambaye dunia mupya imemukamata. Tena musomaji asiyejua uzuri wa kazi ya baba yule, atajuaje kitu gani kiliharibika?

Camara Laye alirudi Gine mwaka 1956. Inchi ikapata uhuru mwaka 1958, naye akafanya kazi ya serikali. Lakini utawala wa Sékou Touré ukawa muzito. Mwaka 1965 akakimbilia Senegali. Mwaka 1966 alitoa «Dramouss», na humo mwandishi yule wa amani anaandika ndoto ya gereza. Alikufa Dakar mwaka 1980, mbali na Kouroussa.

Mongo Beti naye alikaa Ufaransa miaka mingi sana, akiwa mwalimu. Alirudi Kameruni mwaka 1991. Baadaye akafungua duka la vitabu katika Yaoundé. Alikufa mwaka 2001.

Maulizo. Kwa nini mwanamuke alikuja na mutu wa kuimba sifa? Kwa nini Mongo Beti alikasirika? Wewe ungekuwa baba wa Laye, ungemuacha aende? Andika mistari kumi juu ya kazi ya mikono unayoiona kwenu, na usiache kuandika jambo moja linaloisumbua.