SOMO LA FIZIKIA: KUPIMA HISTERESISI KWA BATRI, RESHO NA BUSOLE

Wale wa darasa la tano na la sita mnajua ule mchoro unaofanana na jani la mukalitusi lililolala mshazari. Tunauchora ubaoni, tunaandika Br na Hc, kisha tunafuta. Mimi naona haitoshi. Mchoro ule unaweza kupimwa hapa kwetu Lushebere, bila oskiloskopu.

Kwanza, jambo lenyewe. Ukitia chuma ndani ya bobini na kuongeza umeme polepole, chuma kinakuwa sumaku. Ukipunguza umeme mpaka sifuri, usumaku haurudi kwa njia ile ile uliyopitia: unabaki nyuma. Mtu wa Scotland, James Alfred Ewing, alipokuwa akifundisha Tokyo kati ya 1878 na 1883, ndiye alilipa jambo hili jina histeresisi, kwa neno la Kigiriki lenye maana ya kuchelewa. (Huyo huyo alitengeneza pia mashini za kuandika matetemeko ya inchi. Sisi watu wa volkano tungemkaribisha vizuri.)

Faida yake ni nini? Eneo lililo ndani ya ule mchoro ni nguvu inayopotea na kugeuka joto, kila mzunguko mmoja. Umeme wetu unazunguka mara 50 kwa sekunde. Tuseme chuma fulani kinapoteza jule 1000 kwa kila meta kyubi kwa mzunguko. Transformeta yenye desimeta kyubi moja ya chuma hicho itakula wati 50 usiku na muchana, hata kama hakuna ampuli inayowaka. Kama umeme unatoka kwa grupe, ni mafuta unachoma bure. Basi fundi anayesokota transformeta ya kuunga vyuma na kutwaa vipande vya chuma cha beto, asishangae ikiwa moto. Chuma cha transformeta kinachanganywa na silisiamu ili jani lile liwe jembamba. Kukikata mabati-mabati ni dawa ya ugonjwa mwingine, yaani umeme unaozunguka ndani ya chuma chenyewe. Kwenye mtihani wengi wanachanganya mambo haya mawili.

Sasa vyombo. Tafuta uzi wa shaba wa milimeta 0.4 kutoka transformeta iliyokufa, usokote duru 500 juu ya kitubo cha karatasi ngumu chenye urefu wa sentimeta 10. Kwa hiyo ampere 1 inatoa H = 500 × 1 / 0.10 = 5000 A/m. Utahitaji pia batri ya pikipiki ya volti 12, ampere-meta, busole, na uzi wa resho ya umeme iliyoharibika. Resho ya wati 1000 kwa volti 220 iko na omu 48 hivi. Nyosha uzi wake juu ya ubao, funga ncha zake mbili kwa batri, kisha bobini uifunge kati ya ncha moja na kibanio kinachotembea juu ya uzi. Ampere-meta ikae njiani pamoja na bobini. Kibanio kikiwa kwenye ncha ile ya bobini, umeme ni sifuri. Ukikisogeza, unapanda taratibu. Usipite ampere 1.2, bobini itaungua.

Usitumie ampuli badala ya uzi wa resho. Ampuli ya baridi inaacha umeme mwingi upite mara moja, mbele ya kupata moto, na chuma hakitasahau ule mshituko.

Laza bobini Mashariki–Magharibi, na busole mbele yake, sentimeta 20 kutoka katikati ya bobini. Isiwe juu ya meza yenye misumari. Na ninyi mtakaorudi Goma likizo, msiipime juu ya mawe ya lava: yako na magnetite, na yaliposhika baridi yalishika pia usumaku wa dunia. Lava iliyoingia mjini tarehe 17 Januari 2002 ingali inaukumbuka.

Pima kwanza bobini tupu, maana nayo inavuta busole. Kisha tia musumari wa sentimeta 10. Panda hatua kwa hatua, kila hatua andika ampere na digrii. Shuka mpaka sifuri. Pale busole haitarudi Kaskazini kamili: hiyo ndiyo alama ya Br. Geuza nyuzi za batri, panda tena. Mahali busole inaporudi Kaskazini ni Hc. Endelea mpaka mwisho, rudi, geuza, funga mzunguko. Ukipita kipimo, usirudi nyuma kukitafuta. Maliza mzunguko na uanze mwingine. Mzunguko wa kwanza haufungi vizuri, chora ule wa tatu.

Usichore digrii. Usumaku unafuata tanjenti: digrii 20 ni 0.36, lakini digrii 40 ni 0.84, si 0.72. Toa tanjenti ya bobini tupu, kinachobaki ni cha chuma.

Kisha toa musumari, weka kipande cha tupa chenye urefu ule ule. Hapo ndipo utaona tofauti. Musumari unashindwa kwa umeme kidogo sana; tupa inakataa mpaka uisukume kwa nguvu. Ila ncha za chuma kifupi zinapigana na usumaku wake, kwa hiyo Br utakayopata ni ndogo kuliko ya kitabu. Kwa kulinganisha vyuma viwili haizuii kitu, mradi viwe na urefu na unene mmoja.

Mwenye kufika mahali penye oskiloskopu atapima kwa umeme wa kubadilika, uliopunguzwa na transformeta mpaka volti 12, kamwe si 220. Omu 1 njiani mwa bobini inatoa H. Bobini ya pili juu ya chuma kile kile, pamoja na kiloomu 100 na kondensata ya mikrofaradi 1, inatoa B, kwa sababu kondensata inajumlisha volti ambazo peke yake zinaonyesha tu B inavyobadilika. Busole ya maskini haihitaji hayo: inaonyesha usumaku wenyewe.

Chombo cha darasa la sita kiko tayari, resho na vyote. Wa darasa la tano waje wawili-wawili na karatasi ya milimeta.