Zoezi Moja, Vyombo Mbalimbali: Namna ya Kushirikisha Darasa Zima

Si ajabu siku hizi kukuta katika darasa la chuo cha ualimu mwanachuo mmoja ana kompyuta mpakato, kadha wana simu janja, wengine wana simu ndogo za vitufe, na wengine hawana chombo chochote. Mwalimu atayarishapo zoezi linalofaa kwa simu janja peke yake, amekwisha kuligawa darasa lake kabla hajatamka neno. Wenye vyombo hujibu, na wasio navyo hubaki watazamaji. Hapana budi, basi, zoezi liandaliwe kwa namna ambayo kila mwanafunzi aweza kulijibu.

1. Swali kwanza, chombo baadaye

Mwaka 1991 Eric Mazur, mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alianza kufundisha kwa njia ya wanafunzi kufundishana. Mwalimu hutoa swali lenye majibu ya kuchagua. Kila mwanafunzi hufikiri peke yake na kujibu. Kisha hujadiliana na jirani yake, na kujibu tena. Mwaka 2008 Nathaniel Lasry wa Kanada alilinganisha wanafunzi waliojibu kwa vibonyezo vya elektroniki na waliojibu kwa kadi za karatasi. Hakuona tofauti ya maana katika kujifunza kwao. Tunapata fundisho kwamba chombo humrahisishia mwalimu kuhesabu, bali kinachomfunza mwanafunzi ni swali na majadiliano.

2. Maandalio

(a) Andika swali lisilozidi herufi 160, yaani kipimo cha ujumbe mmoja wa simu. Swali la namna hiyo litaenea katika kila chombo, na ubaoni pia.

(b) Kila jibu lisilo sahihi litokane na kosa ambalo wanafunzi hulifanya kweli.

(c) Tayarisha kadi za A, B na C kwa kila mwanafunzi, hata kama vyombo vipo. Umeme ukikatika, somo litaendelea.

3. Mfano

Swali: Mawe ya kilo 1 na kilo 5 yaangushwa pamoja toka kimo cha mita 2. Lipi lafika chini kwanza? A: la kilo 1. B: la kilo 5. C: yote karibu pamoja.

Wape dakika 2 za kufikiri kimya, kisha wajibu. Tuseme kati ya wanachuo 40, 2 wamechagua A, 18 B, na 20 C. Usitaje jibu. Waliosahihi wakiwa baina ya 30% na 70%, majadiliano huwa na manufaa makubwa. Wapange wawili wawili, kila mmoja amweleze mwenziwe sababu zake kwa dakika 3, kisha wajibu tena. Wakiwa chini ya kiasi hicho, fundisha upya. Wakizidi, eleza kwa ufupi na kuendelea. Mwisho, angusha mawe yenyewe mbele ya darasa, wajionee kwamba jibu ni C.

4. Kuchagua chombo

Programu ya Kahoot, iliyotoka Norway mwaka 2013, hupendwa kwa uchangamfu wake. Walakini kwa kawaida hutoa alama nyingi zaidi kwa ajibuye upesi, na mwenye mtandao hafifu huadhibiwa kwa kosa lisilo lake. Afadhali kutumia chombo kimoja kwa kikundi cha watu wanne, nacho kishikwe kwa zamu.

Programu ya Plickers huhitaji simu janja ya mwalimu tu. Mwanafunzi huinua kadi yenye alama iliyochapwa, akiigeuza upande wa jibu lake, na kamera ya mwalimu huisoma. Njia hii yafaa hasa katika shule zisizoruhusu wanafunzi kuja na simu, nazo ni nyingi nchini Tanzania.

5. Hitimisho

Mwalimu asipime somo lake kwa wingi wa vyombo vilivyowashwa. Aulize wangapi wamejibu, na wangapi wamebadili fikira zao kwa hoja.

Maswali ya kujadili

1. Andika swali moja la somo lako lisilozidi herufi 160. Kila jibu lisilo sahihi latokana na kosa gani?

2. Katika darasa lako, ni nani angebaki mtazamaji, nawe utamshirikishaje?