DALILI ZA MWANZO ZA UJAUZITO NA UMUHIMU WA KUHESABU SIKU

Wananchi wa Unguja na Pemba, na hasa akina mama walio katika umri wa kuzaa pamoja na waume zao, wanaombwa kuyasoma maelezo haya kwa makini na kuwasomea wale wasioweza kusoma. Yanahusu wiki 12 za mwanzo za ujauzito, ambazo wengi huzipitisha bila ya kuonana na mkunga wala daktari.

Si kwamba mama huwa hajijui. Aghalabu anajua, na mama mkwe naye keshakisia kwa namna anavyoliepuka jiko kila unapopikwa mchuzi wa samaki. Lakini ni ada ya visiwani kwamba mimba changa haitangazwi, kwa haya na kwa kuchelea jicho la hasidi. Ada hiyo ina adabu yake na hapana anayetaka kuivunja. Ila kumficha jirani ni jambo moja, na kumficha mkunga ni jambo jingine. Mkunga amefungwa na kazi yake kutunza siri, na mama anaweza kwenda kituoni tumbo halijaonekana, mtaa mzima usijue amekwenda kwa lipi.

Dalili ya kwanza ni kukosa hedhi. Kwa mwanamke ambaye mwezi wake huja kwa hesabu, kuchelewa kwa wiki moja kunatosha kumfanya afikirie mimba kabla ya jambo jingine. Hata hivyo dalili hii huweza kudanganya. Maradhi, huzuni au kukonda kwa ghafla huweza kuchelewesha hedhi. Anayetumia sindano ya uzazi wa mpango huweza kukaa miezi kadhaa bila ya kuona damu na asiwe na mimba. Kinyume chake, anayenyonyesha huweza kushika mimba kabla hajaona hata hedhi moja tangu alipojifungua, akadhani ni maziwa yanayoizuia. Na wapo wanaotokwa na matone machache ya damu katika siku zile zile walizoitarajia hedhi, wakayahesabu kuwa ni hedhi kamili, na hesabu yote ikapotoka kwa mwezi mzima.

Kwa sababu hiyo inasisitizwa kwamba siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho iandikwe. Mimba huhesabiwa siku 280 tangu siku hiyo, si tangu siku ambayo hedhi ilikosekana. Kwa kalenda ya kizungu ni miezi tisa na siku saba: hedhi iliyoanza tarehe 1 Januari humfikisha mama tarehe 8 Oktoba. Akina mama wengi, hasa wa mashamba, huhesabu kwa mwezi mwandamo, na hapana ubaya, maadamu ikumbukwe kuwa mwezi mwandamo ni siku 29 au 30, hivyo siku 280 ni miezi tisa na nusu. Mathalan mwanamke ambaye hedhi yake ya mwisho ilianza siku ya Idi Mosi, akaikumbuka kwa kuwa hakuweza kuiswali Idi, atarajie kujifungua katikati ya Rajabu, siku kama 12 kabla ya Miraji. Kujifungua wiki mbili kabla au baada ya hapo bado ni kawaida. Mwenye kuhesabu miezi tisa mitupu ya mwandamo hujiona amepitisha siku zake ilhali amebakisha wiki mbili, na hapo ndipo baadhi ya jamaa huanza kumtafutia dawa za kuuharakisha uchungu, jambo ambalo ni hatari kwake na kwa mtoto.

Dalili nyingine hufuata taratibu. Matiti hujaa na kuuma, weusi wa chuchu huzidi, haja ndogo huja mara kwa mara, na mwili huwa mchovu hata kwa aliyelala usiku kucha. Harufu zilizokuwa za kawaida hukirihisha: vitunguu vinavyokaangwa, mafuta ya taa, pengine hata manukato ya mume. Waume wasilichukulie jambo hili kuwa ni dharau. Linatokana na mimba, na aghalabu hupita. Moyo kuchafuka na kutapika huanza yapata wiki ya 6, huzidi karibu na wiki ya 9, na kwa wengi hupungua baada ya mwezi wa tatu. Huitwa maradhi ya asubuhi, lakini wapo wanaotapika magharibi.

Hapana dalili hata moja kati ya hizi iliyo ushahidi kamili. Ushahidi ni kipimo cha mkojo, kinachopatikana vituoni na katika maduka ya dawa. Mkojo wa asubuhi ndio bora. Aliyepima mapema mno akaambiwa hana mimba, na hedhi bado haijaja, arudie baada ya wiki moja.

Ama kuhusu kuukabili mchafuko wa moyo, dawa ya kwanza ni kutoliacha tumbo tupu. Kipande cha boflo kavu au biskuti kiliwe kitandani kabla ya kuinuka, kisha chakula kiwe kidogo kidogo mara tano au sita kwa siku badala ya milo mitatu mizito. Maji yanywewe kwa mafundo madogo. Tangawizi, ambayo haikosekani katika nyumba za Zanzibar, imo katika mapendekezo yaliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2016 kwa ajili ya kichefuchefu cha mimba changa. Hapa wazee walitangulia. Chai na kahawa zisinywewe pamoja na chakula, kwani huuzuia mwili kuyapokea madini ya chuma. Dawa ya kuzuia kutapika, au dawa nyingine yoyote, ya dukani au ya miti, isinywewe kabla ya kumuuliza mkunga au daktari.

Wapo wanaotamani udongo au mchele mbichi. Wasichekwe wala wasigombwe. Tamaa hiyo mara nyingi huandamana na upungufu wa damu, na udongo wenyewe huweza kuwa na mayai ya minyoo. Mwenye kuiona akapimwe damu. Katika mwezi wa Ramadhani, mja mzito anayechelea nafsi yake au mtoto wake ameruhusiwa na sheria ya dini kutofunga. Namna ya kulipa awaulize mashekhe.

Mambo matatu hayana subira. La kwanza ni kutapika kusikobakisha hata maji kwa siku nzima, mkojo ukawa mchache na mweusi. La pili ni homa. Homa si dalili ya mimba, na mwenye nayo apimwe malaria siku hiyo hiyo. La tatu, ambalo ndilo zito zaidi, ni maumivu makali ya chini ya tumbo, hasa upande mmoja, pamoja na kizunguzungu, kuzimia au maumivu ya bega, damu ikitoka au isitoke. Huenda mimba imetunga nje ya kizazi, katika mrija usioweza kutanuka, na mrija ukipasuka damu humwagika tumboni bila ya kuonekana. Mara nyingi maumivu hayo huitwa chango, mgonjwa akakandwa tumbo na kunyweshwa dawa za nyumbani hadi saa zikapita. Huyu hakandwi; hupelekwa hospitali saa ile ile, usiku au mchana. Wakaazi wa visiwa vidogo kama Tumbatu na Kojani, ambao safari yao huanza kwa chombo, wapatane mapema na mwenye chombo, kabla ya haja kutokea.

Kwa asiye na dharura, ziara ya kwanza iwe kabla ya wiki 12 kumalizika. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mja mzito aonane na wahudumu mara 8 hadi kujifungua. Katika ziara hiyo hupimwa uzito, shinikizo la damu, wingi wa damu na mkojo, na huanzishiwa madini ya chuma pamoja na asidi ya foliki, ambayo kipimo chake cha kila siku ni mikrogramu 400. Uti wa mgongo wa mtoto hujifunga katika wiki 4 za mwanzo tangu mimba kutunga, pengine mama hajajua, na asidi hiyo hupunguza hatari ya mtoto kuzaliwa na mgongo wazi. Kwa hiyo wanaokusudia kuzaa ni bora waianze kabla ya kushika mimba. Mama aende na tarehe yake iliyoandikwa, dawa zote anazotumia, na kadi ya uzazi uliopita ikiwa anayo.