SOMO: TUIGIZE KABLA YA KUINGIA KIKAONI



Kuigiza ni kushika nafasi ya mtu mwingine kwa muda, ukasema na kufikiri kama yeye. Mtoto anayeuza mchanga kwa vizibo vya soda anajifunza biashara. Mwuza nguo wa hapa Malakia humpokea mteja kwa uso mkunjufu hata kama nyumbani ameacha mgonjwa. Huyo naye ameshika nafasi.

Sisi tuitumieje njia hii? Tuchukue mfano wa wafanyakazi wa bohari wanaodai mishahara ya miezi miwili. Wengi huingia kwa tajiri na hasira, wakatoka mikono mitupu. Si kwamba hawana haki. Tajiri amezoea mazungumzo hayo, wao hawajazoea.

Basi, siku moja kabla ya kikao, fanyeni hivi:

1. Mmoja awe tajiri, wawili wawe wajumbe, wengine watazame. Tumieni lugha mtakayoisema siku yenyewe, Kiarabu cha Juba au Kiswahili.

2. "Tajiri" asiwahurumie. Aseme: "Biashara imelala." "Nani amewachochea?" "Asiyetaka aondoke, watu wa kazi wako wengi."

3. Mjumbe akikwama, mtazamaji mwenye jibu ashike nafasi yake. Kwa mfano: "Hatukuja kugombana, bwana. Tuandikie tarehe ya kutulipa."

4. Badilishaneni: mjumbe awe tajiri. Ndipo mtakapojua tajiri naye anaogopa nini: mizigo kulala kwenye malori, au kushtakiwa kwa Sheria ya Kazi ya mwaka 2017.

Njia hii ya mtazamaji kuingia mchezoni ilienezwa na Augusto Boal wa Brazili tangu miaka ya 1970. Nchini Kenya, mwaka 1977, wakulima na wafanyakazi wa Kamiriithu, Limuru, waliigiza maisha yao wenyewe katika mchezo ulioandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii. Serikali iliupiga marufuku mwaka huohuo. Mnyonge aliyejifunza kusema hadharani si mtu wa kupuuzwa.

Tukumbuke: maigizo peke yake hayalipi mshahara. Humfundisha mwoga kusema, na mwenye hasira kusubiri zamu yake. Na aliyeigiza tajiri asichukiwe baadaye, amewasaidia wenzake.

Swali la kujadili: Katika kundi lenu, ni nani hajawahi kusema kikaoni? Mpeni huyo nafasi ya mjumbe kwanza.