Nianze na cheti cha wingu?

Swali: Mimi ni fundi kompyuta, Mwanza. Nikimbilie cheti cha AWS, huduma ya wingu ya Amazon, ili nipate kazi?

Jibu: Usikikimbilie, ndugu yangu. Wingu ni kompyuta za wenzako unazozikodi kupitia intaneti. Asiyejua Linux na mitandao hukwama siku seva inapogoma. Anza na hayo mawili. Kisha jenga tovuti ndogo yenye hifadhidata, iweke kwenye wingu, ivunje, irudishe. Weka tahadhari ya bajeti kabla ya kuwasha chochote, maana seva uliyoisahau huendelea kukutoza ukiwa umelala. Mtihani wa AWS wa Cloud Practitioner, wa dola 100, ufuate baadaye. Wala kazi ya wingu si ya nje ya Afrika tu: EC2, huduma ya seva za kukodi ya Amazon iliyozinduliwa 2006, ilijengwa na timu iliyokuwa Cape Town.