TUMBUSI ANAKULA MZOGA, WEWE USIULE



Mbuzi amekufa ghafula nyuma ya nyumba. Hakuna anayejua ugonjwa wake. Jirani mmoja anataka kumchuna, nyama isipotee. Mwingine anataka kutia sumu katika mzoga, mbwa wa usiku wafe. Wote wawili wanaleta hatari. Tuwaangalie ndege wawili, watatufundisha.

Kipanga huwinda vitu vilivyo hai: panya, mijusi, nyoka. Hukaa juu ya mti au nguzo, hutazama chini, kisha hushuka kwa haraka.

Tumbusi, yule mwenye kichwa na shingo vyenye manyoya machache, chakula chake kikubwa ni mizoga. Hupenda pori lenye miti mirefu na wanyama wengi. Hupanda angani akibebwa na hewa ya moto inayotoka chini, na hutafuta kwa macho, si kwa pua. Mmoja akishuka, wenzake wanamwona kutoka mbali na kumfuata. Kwa kawaida jike hutaga yai 1 tu kwa mwaka. Kwa hiyo wakifa wengi, hawarudi upesi.

Mbona yeye haugui? Tumboni mwake mna asidi kali sana inayoua vijidudu vingi, hata vya kimeta. Sisi hatuna tumbo la namna hiyo. Kimeta huingia kwa kidonda kidogo mkononi wakati wa kuchuna, na mbegu zake zaweza kuishi hata nyama ikipikwa.

Na sumu? Mwaka 2019, kule Botswana, mizoga 3 ya tembo iliyotiwa sumu iliua tumbusi 537. Huko India, tangu miaka ya 1990, dawa ya maumivu iliyopewa ng'ombe, diklofenaki, iliua tumbusi kwa mamilioni. Mizoga ikabaki kuoza, mbwa wakaongezeka, na hatari ya kichaa cha mbwa ikakua. Mwaka 2006 serikali ilikataza dawa hiyo kwa mifugo.

TUKUMBUKE:

1. Mnyama aliyekufa mwenyewe: usimchune, usimle, usimuuze.
2. Usimguse kwa mikono mitupu. Weka watoto na mbwa mbali. Mwite mganga wa mifugo. Atasema namna ya kumzika au kumchoma.
3. Usitie sumu katika nyama. Mtoto au mbwa wa jirani aweza kuiokota.
4. Panya aliyekufa kwa sumu azikwe. Kipanga akimla, naye aweza kufa, na panya wataongezeka.
5. Ukiumwa na mbwa, osha kidonda kwa maji mengi na sabuni dakika 15, kisha nenda hospitali siku ileile.

Baba, ukitoka kazini leo, wasomee watoto ukurasa huu. Nyama ya bure yaweza kuwa na bei kubwa kuliko mshahara wa mwezi.